Mchoraji wa sura aombe ufadhili upi: Greenshields, Florence, London au St. Petersburg?

Kijana mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, alinijia na karatasi ya A3 aliyoikunja ndani ya bomba la plastiki. Ilikuwa sura ya bibi yake kwa penseli: mikunjo ya kope, jasho juu ya mdomo, kitenge cha kichwani ambacho ungeweza kuhesabu nyuzi zake. Kazi ya wiki tatu, akaniambia. Alitaka kujua jambo moja tu: "Mwalimu, niombe ufadhili wapi?" Nikamuuliza kama bibi alikaa mbele yake. Hapana. Alimpiga picha kwa simu, akachora miraba juu ya picha, akahamisha mraba mmoja mmoja hadi uso ukakamilika.

Jibu la swali lake linaanzia hapo. Vijana wengi wanaokuja kwangu hulinganisha ufadhili kwa fedha: huu unatoa ngapi, ule unalipa tikiti au haulipi. Mimi huuliza kwanza mchoraji amepungukiwa nini. Wapo waliopungukiwa jicho, yaani hawajawahi kufundishwa kumtazama mtu aliye hai na kupima anachokiona. Wapo wenye jicho zuri lakini hawana muda, kwa sababu mchana wanafundisha shule ya msingi au wanaandika mabango ya maduka. Na wapo wanaotaka kazi ya chuo, ambao bila cheti hawasogei. Njia nne ninazoziweka hapa kila moja hujaza pengo moja vizuri, na mapengo mengine huyaacha wazi.

Greenshields: fedha mkononi, ukabaki ulipo

Mfuko wa Elizabeth Greenshields uko Montreal, Kanada. Ulianzishwa mwaka 1955 na Charles Glass Greenshields, mwanasheria aliyekuwa akichora mwenyewe, kwa kumkumbuka mama yake, na jina la mfuko ni la mama huyo. Husaidia wasanii walio mwanzoni mwa safari yao ambao kazi zao zinaonyesha vitu vinavyotambulika: rangi, michoro, uchapaji wa picha na sanamu. Sanaa ya dhahania haipokelewi, wala upigaji picha, wala video. Kwa mchoraji wa sura hii ni bahati adimu, maana fedha nyingi za sanaa duniani sasa zinaelekea kwenye kazi za aina nyingine, na mwenye kuchora uso wa mtu kama ulivyo huonekana amechelewa karne nzima.

Uraia hauulizwi. Mtu wa Mwanza, Kisumu au Bukavu anaomba sawasawa na mtu wa Toronto. Ni ruzuku, si mkopo, na kwa miaka kadhaa ilikuwa dola 15,000 za Kanada kwa anayepata mara ya kwanza, karibu dola 11,000 za Marekani. Aliyepata anaweza kuomba tena baadaye. Unaitumia kwa jambo lolote la sanaa yako: masomo, safari, kodi ya studio, rangi na turubai. Angalia kiasi cha sasa kabla ya kupanga bajeti.

Fedha hiyo ukiila Dar es Salaam inakwenda mbali kuliko ukiila Montreal. Mwalimu wa sanaa mwenye watoto wawili, ambaye Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya kushika brashi, anaweza kuchukua likizo bila malipo, akapanga chumba chenye dirisha zuri, akamlipa mtu wa kukaa, na akachora mwaka mzima. Kwake sijui ufadhili ulio bora kuliko huu.

Lakini hakuna mwalimu ndani yake. Unatumiwa fedha, unabaki na turubai yako. Kama macho yako yana kosa, litaendelea mwaka mzima bila mtu wa kulitaja. Nitatoa mfano mmoja wa mambo ambayo hakuna atakayekwambia. Vitabu vya Ulaya vinaagiza studio iwe na dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua halipiti upande huo na mwanga unabaki vilevile siku nzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua letu la saa sita liko kaskazini. Ukikifuata kitabu, mwezi wa Julai miale itakuingilia dirishani na kivuli cha pua kitahama shavuni kabla hujamaliza kukipaka. Nilipoteza msimu mzima nikidhani mkono wangu ndio mbaya. Siku hizi nachorea dirisha la kusini miezi hiyo, kisha Oktoba nahamia la kaskazini hadi Februari, na mwezi Machi naweka shuka jeupe madirisha yote mawili. Mwalimu mmoja mwenye uzoefu angenieleza hayo kwa dakika mbili.

Sharti jingine lisomwe kwa makini: mfuko unamtaka mtu ambaye ameanza au amemaliza mafunzo ya sanaa, au ambaye kazi zake na mipango yake vinaonyesha kwamba amejitoa kwa maisha. Anayeanza kabisa hatapita.

Florence: jicho linasomeshwa, mfuko wako unaumia

Mji wa Florence umekuwa kituo cha uchoraji wa sura kwa namna inayowashangaza wengi. Wamarekani wawili, Charles Cecil na Daniel Graves, waliendesha studio pamoja huko katika miaka ya 1980, kisha wakaachana. Graves akaanzisha The Florence Academy of Art mwaka 1991, naye Cecil akaendelea na studio yake mwenyewe. Mafunzo yao yana ukoo unaopitia Boston, kwa mchoraji R. H. Ives Gammell, na nyuma yake hadi karakana za Ufaransa za karne ya 19. Ni mafunzo ya mkono kwa mkono, kama fundi seremala anavyomrithisha kijana wake.

Mbinu wanayojulikana nayo ni hii. Turubai husimamishwa bega kwa bega na mtu anayechorwa, ili kutoka kwenye alama moja ya chaki sakafuni vyote viwili vionekane kwa ukubwa uleule. Mchoraji anasimama kwenye alama, anatazama, anaamua. Anatembea mbele, anaweka mguso mmoja, anarudi nyuma hadi kwenye alama. Mguso mwingine, anarudi tena. Kwa siku moja anatembea kilomita kadhaa ndani ya chumba kimoja. Mkononi ana uzi wenye kipande cha risasi, timazi ileile ya fundi mwashi. Anaushusha mbele ya jicho ili aone kona ya jicho la mtu inaangukia wapi kwenye tundu la pua, na tundu la pua linaangukia wapi kwenye mdomo.

Nimeifanya nyumbani kwa uzi wa kushonea na nati ya baiskeli, mjomba akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kwa miaka kumi nilikuwa nikimchora na masikio yaliyo sawa. Timazi ilinionyesha kwamba sikio lake la kulia liko chini, karibu unene wa kidole, na kwamba kichwa chote kimeinamia upande huo. Nilipolishusha sikio, akawa yeye. Mke wake alipita na ndoo, akasimama, akasema, "Ee, huyo sasa ni Baba Rehema." Hilo ndilo jicho ninalolizungumzia, na ndilo linalouzwa Florence.

Wanaanza na sanamu nyeupe za plasta kwa mkaa, miezi mingi, kabla ya kugusa uso wa mtu na rangi za mafuta. Mpango kamili huchukua karibu miaka mitatu. Hapa ndipo fedha zinapouma. Ada huhesabiwa kwa maelfu ya euro kila mwaka, na Florence ni mji wa watalii, kodi ya chumba haina huruma. Msaada unaotolewa mara nyingi ni punguzo la ada, na mara nyingi humwendea mwanafunzi ambaye tayari yumo ndani na kazi yake imeonekana. Lipo pia shirika la Marekani, Art Renewal Center, linalotoa tuzo za masomo kwa wanafunzi wa karakana za namna hii, ila nalo linamtazama mtu aliyekwisha kupokelewa. Kwa hiyo mtoto wa Mbagala anatakiwa alipe mwaka wa kwanza ili astahili kusaidiwa wa pili. Juu ya hayo, viza ya mwanafunzi ya Italia inadai uonyeshe fedha za kujikimu.

Na kuna jambo lisiloandikwa kwenye vipeperushi. Mapishi ya rangi unayofundishwa yalitengenezwa kwa ngozi nyeupe. Rangi nne zinazohusishwa na mchoraji Anders Zorn wa Uswidi, yaani nyeupe, ocha ya manjano, nyekundu ya vermilioni na nyeusi, hutoa shavu la Mswidi kwa urahisi wa ajabu. Mweke shangazi yako karibu na dirisha uone kazi inavyobadilika. Paji lake la uso linashika samawati ya mbingu, waziwazi, kama kioo. Chini ya taya kuna mwanga unaorudi kutoka kwenye kanga yake, na kama kanga ni nyekundu, taya lina wekundu. Ukiongeza nyeupe ili kupata paji la uso, unapata kijivu cha majivu. Ukichanganya kahawia na nyeusi kwa kivuli, unapata udongo. Anayekwenda Florence kutoka kwetu achukue timazi yao na alama yao ya sakafuni kwa mikono miwili, lakini awe na miezi mingi ya kuchora jamaa zake kwa rangi kabla ya kuondoka, ili afike akijua anachokitafuta.

London, kwa kifupi

Royal Drawing School ilianzishwa mwaka 2000 na Mwanamfalme wa Wales wa wakati huo, ambaye sasa ni Mfalme Charles, pamoja na mchoraji Catherine Goodman, ambaye mwaka 2002 alishinda tuzo ya kwanza ya picha za sura kwenye mashindano ya National Portrait Gallery. Mpango wao wa mwaka mmoja wa kuchora kwa kutazama huchukua wanafunzi wapatao 30, na hawalipi ada. Unachora watu, unachora kwenye majumba ya makumbusho, unachora mitaani, siku baada ya siku.

Ni mwaka mzuri kwa mtu aliyemaliza shahada ya sanaa Makerere, Kenyatta au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mkono wake umeganda na anahitaji kuamshwa. Lakini ada kufutwa si chakula. London ni ghali, na swali la kwanza la kuwaandikia ni viza na fedha za kujikimu, kabla hujaandaa hata mchoro mmoja. Pia ni mwaka wa uchoraji kwa maana pana, si karakana ya sura. Ukiutaka uso peke yake, utakuwa ukiutafuta mwenyewe kati ya masomo.

St. Petersburg: miaka saba na cheti

Hii ndiyo njia ambayo watu wetu huisahau, ingawa ipo wazi kwa Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo na wengine. Serikali ya Urusi hutoa nafasi za masomo kila mwaka, zinazogawiwa kwa nchi. Chuo cha sanaa cha St. Petersburg, kilichopewa jina la mchoraji Ilya Repin, ni mrithi wa akademia ya kifalme iliyoanzishwa mwaka 1757. Kiko ukingoni mwa mto Neva, na mbele yake wamelala sfinksi wawili wa mawe, yaani simba wenye vichwa vya binadamu, kutoka Thebes, Misri, waliochongwa enzi za Farao Amenhotep wa Tatu. Huwa nawaambia wanafunzi: hata mlangoni mnapokelewa na Waafrika.

Masomo ya uchoraji huchukua miaka sita, na kabla yake mwaka mmoja wa lugha. Unaanza na vichwa vya plasta, unafuata kichwa cha mtu, kisha nusu mwili, kisha mwili mzima, huku ukisoma mifupa na misuli kama mwanafunzi wa udaktari. Baada ya miaka ya mwanzo unaingia karakana ya mwalimu mmoja na kubaki naye hadi mwisho. Hakuna njia kati ya hizi nne inayomfundisha mtu kwa kina hiki, na ada ni sifuri kwa aliyepata nafasi ya serikali.

Unatoka na diploma ya chuo kikuu. Ukirudi, unaipeleka Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe, na unaweza kuomba kazi ya kufundisha chuoni. Cheti cha karakana ya Florence, pamoja na uzuri wote wa mafunzo yake, ofisa wa ajira wa kwetu atakigeuza geuza mezani akuulize ni shahada au si shahada. Nimemwona mtu mwenye mkono wa dhahabu akikosa kazi kwa sababu hiyo, na aliyeajiriwa badala yake hajui kuchora sikio.

Sasa uzito wake. Tikiti na bima ni juu yako. Posho ya mwezi ni ndogo mno, familia lazima itume kitu. Na kutuma si rahisi, kwani tangu Machi 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule. Mzazi auelewe ukweli huo wa vita kabla ya kutia saini popote, na mwanafunzi asikubali kazi wala mkataba wowote usiohusu masomo yake, hata ukisifiwa vipi. Desemba mchana wa St. Petersburg una saa sita tu hivi, unachora mchana mfupi na jioni unachora chini ya taa. Na utachora vyema kwa kanuni zao: nimeona waliorudi wakihitaji miaka miwili mitatu kabla ya nyuso zao kuacha kufanana na za mwalimu.

Dar es Salaam taarifa zinapatikana kwenye Kituo cha Utamaduni cha Urusi na maombi hufanyika mtandaoni. Wakala akikudai malaki ya shilingi "kukuhakikishia nafasi", ondoka.

Nani aende wapi

Yule mwalimu mwenye watoto wawili namtuma Greenshields bila kusita. Ana mafunzo, ana familia isiyoweza kuhama, na alichopungukiwa ni mwaka mmoja wa mchana.

Mwenye shahada, asiye na mzigo wa familia, na mwenye ndugu London wa kumpa kitanda, ajaribu London. Bila kitanda hicho simshauri.

Florence naiona kama hatua ya pili, na hapa ndipo njia mbili zinapoungana. Fedha za Greenshields zinaruhusiwa kutumika kwa masomo. Aliyepata ruzuku hiyo anaweza kulipia nayo muda mfupi wa karakana, miezi michache ya kushika timazi chini ya jicho la mwalimu, kisha akarudi kuchora nyumbani na fedha iliyobaki. Miezi mitatu si miaka mitatu, lakini kwa mtu mwenye msingi inaweza kumnyoosha. Kwenye barua ya maombi eleza hivyo kwa majina na miezi: chumba gani, mwalimu gani, picha ngapi, za nani. Mpango wenye watu ndani yake husomwa tofauti na mpango wa "kukuza kipaji changu".

Na picha za kazi, tafadhali. Mara ya kwanza nilipoomba, kwa mpango mmoja ambao sitautaja, nilipiga picha michoro yangu usiku chini ya taa ya tyubu. Nyuso zote zikatoka za kijani. Nilikataliwa, na nilikasirika miezi, hadi siku nilipofungua faili zile tena. Piga nje kwenye kivuli, asubuhi, karatasi ikiwa imesimama wima na simu ikiwa sawa na katikati yake. Tuma chache zinazofanana kwa nia: nyuso sita za watu waliokaa mbele yako zina nguvu kuliko nyuso nne, tausi mmoja na mandhari ya Kilimanjaro.

Huyu wa Mbagala ana miaka 20, kamaliza kidato cha sita, hajawahi kukaa darasa la sanaa hata siku moja. Greenshields bado, London bado, Florence hana nauli ya kuifikia. Kwake nimeona mambo mawili: aulize Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, kuhusu masomo ya sanaa za uchoraji mwaka huu, na papo hapo aanze kujiandaa kwa nafasi za Urusi, maana pale watamwekea kichwa mbele yake na saa ukutani, na simu haitamsaidia.

Nimempa uzi na nati. Bibi amekaa dakika ishirini mara nne, kwenye mkeka, karibu na mlango wa uani. Mchoro aliouleta wiki iliyopita una pua iliyopinda kidogo, na kitenge hakina nyuzi za kuhesabu, ni mikunjo mitano tu ya mkaa. Lakini shingo imebeba kichwa, na jicho la kushoto, lile ambalo bibi analikunja anaposikiliza, amelipata. Nimemwambia hiyo iwe ya kwanza kwenye faili la maombi, na ile ya wiki tatu aibakize ukutani kwao.